Nukta za Mama

Nilizuia pumzi, nikamalizia kisigino cha mwindaji. Karatasi yetu ya kuchorea ni nailoni angavu, nyepesi, inaning'inia kwenye fremu ya mbao mbele ya mwamba bila kuligusa jiwe hata kidogo. Ukipumua kwa nguvu inatikisika, na mstari unakwenda usikotaka. Nilipofika mwisho wa kisigino niliinua penseli, nikarudi nyuma, nikavuta hewa.

"Umefufuka?" Flashi aliuliza kutoka kivulini, huku akifuta lenzi.

"Sijafa bado."

"Nilitaka uhakika tu. Wakija kuuliza nani alikuwa wa mwisho kukuona, mimi sitaki maneno."

Flashi ni mpiga picha wetu. Jina hilo alipewa kazini kwa sababu mwanga wa flashi ndicho kitu pekee asichoruhusiwa kutumia mbele ya michoro, na siku yake ya kwanza aliutumia, Mkuu wa ofisi akiwa amesimama nyuma yake. Ana mdomo, lakini ukimwambia ashike kitu atakishika mpaka useme achia.

Tulikuwa kwenye pango la mwisho. Ofisini tunayaita mapango, ingawa si mapango. Ni miamba ya mawe ya mchanga iliyoinama mbele kwenye mteremko wa kilima, kama paa la kibaraza, na chini yake watu wa zamani sana walichora kwa wekundu wa udongo, kwa njano, na kwa weupe ambao leo karibu wote umekwisha. Wapo swala, wapo wawindaji wembamba kama njiti za kiberiti, wapo watu waliojipanga kana kwamba wanasubiri kuitwa. Hakuna anayejua wachoraji hao waliitwaje. Kazi yetu ni kunakili kila mstari waliouacha, kabla mvua, nyigu na mkojo wa pimbi havijamaliza kilichobaki.

Tunanakili kwa utaratibu ambao watu wa nje wanauona wa ajabu. Kila ukuta unachorwa na watu wawili, kila mmoja kwa wakati wake. Karatasi ya wa kwanza inaviringishwa, inaingizwa kwenye bomba la plastiki, na Mkuu anafunga mdomo wa bomba kwa utepe wenye saini yake. Wa pili anachora bila kuiona karatasi hiyo, bila kuuliza wala kuambiwa. Baadaye zote mbili zinalazwa juu ya meza ya kioo yenye taa chini yake, moja juu ya nyingine. Mstari ulioonwa na wote wawili unapigwa wino mzima. Ulioonwa na mmoja tu unapigwa nukta nukta. Hakuna kubishana. Hata ukiapa, ni nukta.

Mchoraji wa kwanza wa kilima hiki alikuwa mama yangu.

Mama alikuwa fundi cherehani. Walimchukua kwa sababu walihitaji mtu ambaye mkono wake hautetemeki, na yeye alikuwa amezoea kufuata chaki kwenye kitambaa tangu ujana. Mambo mengine ya kazi alijifunza mwenyewe, kwa kukaa mbele ya ukuta na kutazama. Alikuwa mpole mno kazini, hata wageni walimdhania hana la kusema. Lakini kwenye ukuta mmoja wa pango hili la mwisho alichora kitu ambacho mchoraji wa pili hakukiona. Mchoraji wa pili alikuwa mtu makini, hakuna aliyemlaumu. Flashi naye alikipiga picha kile kipande, asubuhi na jioni, akakikuza, asione kitu. Kwa hiyo Mkuu akapiga nukta. Tangu siku hiyo watu wa ofisini wakaanza kumwita mama Bi Nukta, kwa mzaha, na mama akaitika.

Hakuwahi kusema alichokiona. Hata nyumbani. Hata mimi nilipoanza kazi hiyohiyo na kukaa naye meza moja kila jioni, nilijua tu kwamba kuna kitu, na kwamba kipo pango la mwisho; karatasi za ukuta ule zilikuwa bombani, na asiyeuchora haonyeshwi. Baadaye macho yake yakaanza kuzimika kwa presha ya macho, taratibu, kutoka pembeni kuja katikati, akastaafu.

Sasa kitabu kikubwa cha michoro yote kilikuwa kinakwenda kiwandani. Mkuu alikuwa ameamua, na sikuona kosa katika uamuzi wake, kwamba chapa hiyo itabeba mistari mizima tu. Ya nukta itabaki kabatini. Aliruhusu pango la mwisho lichorwe mara moja zaidi, na mtu pekee aliyebaki ambaye hajawahi kulichora nilikuwa mimi.

Alikuja nyumbani kumuuliza mama kwanza. Aliketi ukingoni mwa kiti, akazungusha kofia mikononi.

"Mama, ni binti yako. Watu watasema."

"Waseme," mama alijibu. "Mweke na shahidi. Na mwambie asinihurumie."

"Nimwambie mimi? Si huyo hapo amekaa."

"Nimemsikia," nilisema.

Ndiyo maana Flashi alikuwa kivulini siku ile, na ndiyo maana nilikuwa nimechoka kuliko kazi yenyewe ilivyostahili. Wachoraji wa aina yetu tuna kosa letu moja, ambalo sidhani fundi mwingine analo. Macho yanaona kidogo, akili inajua zaidi, na mkono unamsikiliza anayejua. Mwaka wangu wa kwanza nilinakili swala aliyekuwa na miguu mitatu ukutani. Mguu wa nne ulikuwa umebanduka pamoja na jiwe lake, labda kabla babu zetu hawajazaliwa. Mimi nikampa. Sikukusudia. Nilikuwa najua tu kwamba swala ana miguu minne. Karatasi zilipolazwa juu ya taa, mguu ule ulisimama peke yake katikati ya meza, watu wote wakiutazama. Mama hakunigombeza. Alinipa kifutio tu. Lakini tangu hapo Flashi akawa ananiita Mguu wa Nne.

Hivyo hebu fikiria. Ukutani pale palikuwa na kitu, nilijua. Nilitaka kukiona kwa moyo wangu wote. Kila ufa ulianza kuwa mgongo, kila doa likawa jicho. Nilichora wawindaji wote, nikachora swala wanaokimbia kuelekea kushoto, nikachora alama za njano ambazo hakuna anayezielewa, na katikati ya kazi hiyo nilipambana na mkono wangu usichore kinachotamaniwa.

Kufikia mchana nilikuwa nimebakiza kipande kimoja cha chini, upande wa kulia, ambapo jiwe ni tupu, la kijivu, na nyigu wamejenga vijumba vyao vya udongo. Nilikichunguza kwa lenzi ya mkono. Hakuna rangi. Nilisogea kushoto, nikarudi kulia. Hakuna.

"Mguu wa Nne," Flashi aliita, "mkono wangu unakufa ganzi."

Alikuwa ameshika kioo. Tunatumia kioo cha kawaida, cha kabati la nguo, kumulika jua ukutani bila kuchoma rangi.

"Weka chini upumzike. Na mimi nakaa kidogo."

Alikiegemeza kwenye begi lake. Nami nikaketi chini mavumbini, bega kwenye fremu, uso ukutani, nikatoa kisu kuchonga penseli. Magoti yalinishukuru. Mimi ni mrefu, nimemfuata marehemu baba, na tangu asubuhi nilikuwa nimeinama kama mtu anayechungulia mlango wa banda la kuku.

Nilipuliza unga wa penseli, nikainua macho.

Kioo kilikuwa kinatupa jua kutoka chini, karibu sambamba na jiwe. Na kwenye lile jiwe tupu la kijivu palikuwa na kivuli. Kilikuwa chembamba kama uzi wa kushonea. Kilianza karibu na kijumba cha nyigu, kikapanda, kikapinda, kikashuka taratibu kwa mpindo mrefu ambao ufa hauwezi kuupinda.

Nilifumba macho. Nikahesabu pumzi. Nikafumbua. Kilikuwepo.

"Umeona nyoka?" Flashi alianza kuinuka.

"Usiguse kioo."

"Nini?"

"Usiguse kioo, kaka. Usikikaribie. Usipige chafya."

"Basi nimeganda. Ila jua haligandi, ujue."

Nilisogea kwa makalio, kama mtoto, mpaka nikawa mbele ya kile kipande. Kutoka pale chini nilielewa kilichotokea. Rangi yenyewe ilikuwa imekwisha yote, hata chembe haikubaki. Lakini pale ilipokuwa imepakwa, ilikuwa imelikinga jiwe kwa miaka yote ile ya upepo na mchanga. Jiwe la pembeni lilikuwa limelika. Lililokuwa chini ya rangi lilikuwa limebaki juu kidogo, pengine kwa unene wa ukucha wa mtoto mchanga. Ukisimama, huoni. Kamera iliyo juu ya miguu yake mitatu haioni. Ni mpaka ukae chini, na mwanga ulale.

Na mama alichora maisha yake yote akiwa amekaa. Ilikuwa tabia ya cherehani. Alikuwa na kigoda chake cha kwenda nacho mapangoni, watu wakimcheka kwamba amekwenda kupika, na kioo alikilaza mapajani kama sinia. Nilikuwa nimekiona kigoda hicho kila siku ya maisha yangu. Sikuwahi kufikiri kwamba kilikuwa chombo cha kazi.

Nilishusha karatasi kwenye fremu mpaka ikafika chini, nikakaza vibanio, nikaanza.

Mgongo kwanza, kwa sababu ndio uliokuwa wazi zaidi. Unashuka kwa mteremko mkali, haufanani na mgongo wa swala wala nyati. Kisha tumbo, limelala chini kabisa. Kisha mguu mmoja wa mbele, umekunjwa, goti limetokeza. Nilisubiri mguu wa pili ujitokeze. Haukujitokeza. Mkono wangu ulitaka kuukunja pale chini ya kifua, ambapo lazima ulikuwepo. Niliinua penseli, nikaendelea na shingo.

Shingo ilikuwa ndefu. Ilipanda, ikageuka nyuma, ikashuka kuelekea kiunoni. Hapo ndipo nilipojua ni nini. Alikuwa twiga amelala, amekunja shingo na kulaza kichwa juu ya mwili wake mwenyewe, jinsi wanavyolala wanapojihisi salama. Mapango yote ya kilima kile yana twiga, na wote wamesimama au wanakimbia. Huyu peke yake ndiye aliyelala. Mtu aliyemchora alikaa mahali fulani karibu sana, kimya sana, mpaka mnyama yule akaamua kusinzia mbele yake. Halafu akaja hapa, akakaa chini, akamchora chini, mahali pa kukaliwa. Nilijikuta natabasamu peke yangu. Nilijisikia nimetoka kwenye ukoo wa watu wenye subira.

Flashi alikuwa amenyoosha shingo juu ya bega langu. Haruhusiwi kunionyesha kitu ukutani, lakini karatasi yangu aliiona.

"Ee," alisema. Alikitazama kioo chake, akarudisha macho kwenye karatasi. Halafu akasema tena, "Ee. Nimepiga picha hapo, dada. Nimepiga mara ngapi mimi hapo."

"Kaa na kioo chako."

"Nimekaa. Hata sijasema kitu. Shahidi hasemi." Akashindwa kuvumilia. "Kichwa je?"

Kichwa sikukiona. Shingo ilikuja mpaka karibu na kiuno, ikaingia chini ya kijumba cha nyigu, ikatoka upande wa pili kama alama moja fupi, na hapo jua likawa limekwisha kuhama. Kivuli kilififia wakati nakitazama. Nilimwambia Flashi ainamishe kioo kidogo, akakiinamisha. Kidogo tena. Mwanga ulikuwa umepanda, jiwe likawa jiwe.

"Umekipata?"

"Hapana."

"Malizia basi. Kichwa cha twiga nani hakijui? Masikio mawili, vipembe viwili, pua. Hata mimi nakuchorea."

"Nakijua kichwa cha twiga. Cha huyu sijakiona."

"Mnyama gani halali na kichwa chake?"

"Flashi."

"Nauliza tu! Wewe unamwacha mama wa watu na mnyama asiye na kichwa, kitabu kinakwenda kiwandani."

Penseli ilikuwa mkononi, na nafasi ilikuwepo, tupu, ya ukubwa kamili. Mkono ulijua kila kitu. Nilifikiri juu ya karatasi ya mama ndani ya bomba, na kichwa chochote kile alichokichora au ambacho hakukichora, na jinsi zote mbili zitakavyolala juu ya taa. Kama mama alikiona kichwa na mimi nimekibuni, mistari haitakaa sawa. Na kama kwa bahati itakaa sawa, mimi nitajua. Maisha yake yote ya kazi hakuwahi kupiga mstari asiouona, hata pale nukta zilipogeuka jina lake. Nisingeweza kumfutia nukta kwa mstari wa uongo. Ingekuwa kumchafulia kitambaa kwa kukishona.

Niliichomeka penseli nyuma ya sikio.

"Mwanga utarudi kesho mchana," nilisema. "Mkuu anakuja keshokutwa. Tuna kesho."

Flashi alipiga magoti penye kioo. Akatoa kipande cha mkaa begini, akaweka alama mavumbini mahali kioo kiliposimama, akaizungushia vijiwe pande zote ili upepo usiifute.

"Shahidi anaruhusiwa kuweka vijiwe?" aliuliza.

"Anaruhusiwa."

"Basi leo nakuvua lile jina. Mpaka nitakapotafuta jingine."

Tuliviringisha karatasi pamoja, yeye upande mmoja na mimi upande mwingine, tukaitia kwenye bomba langu, akafunga utepe wa muda, mpaka kesho, na kusaini kama shahidi, kwa mwandiko wake unaolala kama nyasi.

Nilifika nyumbani jua likiwa bado juu ya mabati ya duka la vifaa vya ujenzi lililo ng'ambo ya barabara. Mama alikuwa kibarazani kwenye kigoda chake, anarudishia vifungo kwenye shati la jirani. Siku hizi anashona kwa vidole, macho ameyaelekeza mtaani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umekula?"

"Kidogo."

"Kidogo ni nini? Kula au usile. Chakula kimefunikwa mezani."

Hakuuliza zaidi. Tangu nianze pango la mwisho alikuwa hajauliza hata jinsi hali ya hewa ilivyokuwa kule juu. Nilimpita kuingia ndani, akanyoosha mkono kama afanyavyo kila jioni, kunipangusa. Alikuwa akinipangusa mabega, maana vumbi la wachoraji wanaosimama linakaa mabegani. Leo mkono wake ulipita mabega, haukukuta kitu, ukashuka mgongoni, ukafika nyuma ya sketi, ukasimama hapo.

Alisugua vumbi kati ya kidole na gumba, taratibu. Ni vumbi lile la jiwe la mchanga, lina chembe kama sukari. Alilijua vizuri kuliko mimi.

"Ulikaa chini," alisema.

"Miguu ilichoka."

"Mm."

Pikipiki ilipita barabarani. Mama alinipangusa sketi yote, kwa mapigo marefu, kama anayetoa mkunjo kwenye kitambaa kipya. Alipomaliza aliweka mkono wake pajani, na niliona umetulia kabisa. Lakini kidevu chake kilikuwa kimeinuka. Nimemjua mama kwa kuinamisha kichwa, kwenye cherehani, kwenye karatasi, mbele ya wakubwa. Sikuwahi kumwona amekaa hivyo, kama mtu anayepigwa picha na ameridhika na nguo aliyoivaa.

"Mimi sijauliza kitu," alisema.

"Na mimi sijasema kitu."

"Vizuri. Bomba limefungwa?"

"Limefungwa. Flashi kasaini."

"Yule!" Alicheka kwa pua. "Umemaliza lakini?"

"Bado. Kuna mahali sijaona vizuri. Niliacha."

Nilitazama uso wake nilipotamka neno hilo. Sikupata dalili yoyote ya kama mahali hapo yeye alipaona au hakupaona. Alitunga uzi kwenye sindano mara ya kwanza, bila kukosea, akavuta fundo.

"Uliacha," alirudia. Akashona kifungo kizima kabla hajasema tena. "Mlikuwa na mwanga?"

"Uliondoka."

"Basi ni sawa kuacha." Akakata uzi kwa meno. Kisha akaita ndani, ingawa ndani hapakuwa na mtu, ila majirani wa nyuma ya ukuta, kwa sauti ambayo sikuwahi kumsikia akiitumia: "Binti yangu ameacha mahali pasipoonekana!"

"Mama, watu."

"Wasikie. Kazi yetu ni hiyo."

Nilikula chakula kilichofunikwa, chote. Kisha nikatoa penseli zangu na kisu, nikakaa kizingitini karibu na miguu yake, nikaanza kuzichonga moja moja kwa ajili ya kesho, nikizipima ncha kwenye ukucha.

"Mama, kesho naazima kigoda."

Aliinuka, akakisukuma kwa mguu mpaka kikagusa begi langu pale mlangoni, akaenda kukaa kwenye ngazi.